Matundu manne niliyotoboa mwenyewe

Kwa misimu miwili niliilaumu mashine. Boti yangu ni ya faiba, urefu wa mita 5, na nyuma imebeba mashine ya nguvu za farasi 40. Tabia yake naijua kama ninavyolijua goti langu la kushoto: ukifungua moto wote, pua inainuka, halafu boti inalala juu ya maji na kukimbia kilomita 42 kwa saa. Zikaanza kuwa 39. Baadaye 36. Pua ikawa inainuka na kubaki huko huko juu, kama punda aliyegoma. Mwongozo wa mashine unataka mizunguko kati ya 5,000 na 6,000 kwa dakika. Yangu haikuvuka 4,600 hata nikiwa peke yangu na sanduku tupu.

Nikafanya yote ambayo mtu mwenye spana hufanya kabla hajafikiri. Nikaweka plagi mpya na kichujio kipya, nikafungua kabureta nikaiosha. Nikamwaga tangi lote kutafuta maji, maana maji ni mazito kuliko petroli na hukaa chini. Nikayakuta kiasi cha kijiko, nikashangilia kama mtu aliyemshika mwizi. Mwizi hakuwa huyo. Mwisho nikabadilisha panga boi: la zamani lilikuwa na pichi (umbali ambao panga boi lingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) ya inchi 13, nikafunga la inchi 11. Kila inchi ya pichi unayoipunguza huongeza mizunguko 150 hadi 200 hivi, na kweli ikapanda karibu 400. Nilifurahi siku moja tu. Mashine ilikuwa inaimba vizuri, boti inatambaa vilevile. Ni kama nilimvalisha mgonjwa viatu vyepesi.

Kilichonifumbua macho ni mwani. Msimu mzima boti ilikuwa inakaa imefungwa kwenye boya, na chini imepakwa rangi ya kuzuia mwani hadi usawa wa maji. Siku naipandisha kwenye trela ili niisugue, nikaona kwenye tezi, yaani nyuma ya boti, ukanda wa kijani umepanda vidole viwili juu ya mwisho wa ile rangi. Rangi niliipaka mimi, na nilipima. Mizigo haikuongezeka: nanga ile ile, betri ile ile, masanduku yale yale. Basi boti ilikuwa imebeba kitu ambacho sikukipakia.

Ubao wa tezi, ule unaobeba mashine, kwenye boti nyingi za faiba si faiba tupu. Ndani yake kuna plaiwudi, imevikwa faiba pande zote mbili. Nikachukua nyundo, nikaugonga kwa mpini kutoka kona ya juu kwenda chini. Juu ulinijibu ko, ko, ko. Chini upande wa kulia: du, du. Nikashika mguu wa mashine, nikauinua na kuushusha huku jicho langu likiwa kwenye ubao. Ulikuwa unapumua. Milimita mbili labda, lakini ubao wa tezi haupaswi kupumua hata kidogo.

Na pale chini kulia ndipo kilipofungwa kichwa cha sona, kile kifaa kinachonionyesha kina na samaki. Nilikifunga mwenyewe miaka sita iliyopita, jioni, kesho yake nina safari alfajiri. Skrubu mbili. Nilipokijaribu kikasoma ovyo kwa sababu kilikaa kwenye mapovu ya mkondo, nikakihamisha kidogo pembeni, skrubu mbili nyingine. Matundu mawili ya kwanza nikayaziba kwa silikoni ya bafuni. Manne yote yako chini ya usawa wa maji boti ikisimama. Hiyo ndiyo kazi niliyojisifia kwamba nimeimaliza ndani ya nusu saa.

Nilitoboa kwa kekee ya milimita 6 kutoka ndani. Mbao nzima ikitobolewa hutoa unga mkavu, mweupe au wa rangi ya asali. Yangu ilitoa uji wa kahawia wenye harufu ya majani yaliyooza, kisha tundu likaendelea kudondosha maji hadi mchana. Nikamwita fundi wa boti ninayemwamini aje anipe neno la pili. Alichungulia, akagonga mara tatu.

"Mzee, mashine hii ina kilo ngapi?"

"Sabini na kitu."

"Na umeitundika kwenye sifongo."

Halafu akanipa ushauri ambao sikuupenda: nifungue na sakafu. Alisema maji hayakai kwenye mbao peke yake, hushuka hadi kwenye povu la chini ya sakafu, lile linaloifanya boti ielee hata ikijaa. Nikamwambia povu lile halinywi maji. Akacheka tu. Kwa kweli povu hilo hukataa maji likiwa jipya, lakini likilala ndani ya maji mwaka baada ya mwaka, huku boti ikilidunda kwenye mawimbi, kuta za vile vitundu vyake hupasuka kidogo kidogo na maji huingia. Yakishaingia hayatoki, maana juu kuna sakafu na chini kuna faiba.

Nilikata sakafu kwa grainda. Hapa niseme jambo moja kuhusu vumbi la faiba: barakoa nzuri, miwani, mikono mirefu, na ukimaliza oga maji baridi kwanza, ya moto baadaye. Mimi siku ya kwanza nilioga ya moto. Usiku kucha nilijikuna kama mwenye upele na mke wangu akahamia chumba kingine.

Povu lilitoka vipande vipande, na kila kipande nilikitundika kwenye mizani yangu ya samaki. Kimoja cha ukubwa wa mto wa kulalia kilivuta kilo 9. Kikavu kisingefika kilo moja. Nilipojumlisha vyote nikapata kilo 118, yaani kwa misimu miwili nilikuwa navua na watu wawili wasioonekana, wamekaa kwenye tezi, hawashiki hata mshipi.

Kulikuwa na kingine kilichonitisha zaidi. Bolti mbili za chini za mashine, za chuma kisichoshika kutu, zilikuwa zinang'aa kichwani na kwenye nati, lakini katikati, palipopita ndani ya ubao uliolowa, zimeliwa hadi kubaki kama shingo ya chupa. Chuma hicho hulindwa na utando mwembamba unaohitaji hewa ili ujirudishe. Kikifungiwa kwenye mbao mbichi isiyopitisha hewa, utando unakufa na chuma kinaliwa kimya kimya. Nje utasema bolti ni mpya. Tangu siku hiyo kila mwaka nachomoa angalau moja na kuiangalia mwili mzima.

Ukarabati ulinila wikendi tano, na sehemu kubwa ilikuwa kusubiri. Nilikata ngozi ya ndani ya faiba nikaiacha ya nje ibaki kama ukuta, nikachimbua plaiwudi iliyooza kwa patasi, kisha nikaweka feni ipulize usiku na mchana kwa wiki mbili. Watu wengi huharibu hapa. Epoksi, ile gundi ya kuchanganya resini na kigumishi, ikipakwa juu ya mbao yenye unyevu hushika usoni tu, na unyevu uliofungiwa huendelea na kazi yake. Nikachora umbo kwenye katoni, nikakata plaiwudi ya majini vipande viwili vya milimita 18, nikavigandisha pamoja na kwenye ukuta kwa epoksi iliyozidishwa uzito kwa unga wa silika. Badala ya kutafuta vibano virefu nilitumia matundu yale yale ya mashine: nikapitisha bolti zilizopakwa nta na vipande vya mbao kila upande, nikakaza. Usikaze kupita kiasi, gundi yote itatoka na kuacha mbao zimekauka katikati.

Epoksi nayo ilinifunza adabu. Nilichanganya gramu 400 kwenye kopo refu ili nisirudie rudie, nikageuka kutafuta brashi. Niliporudi kopo lilikuwa la moto halishikiki, linafuka moshi, na ndani mmekuwa jiwe la manjano. Joto la resini na kigumishi likikosa pa kutokea hujiongeza lenyewe. Tangu hapo nachanganya kidogo kidogo na kumwaga kwenye sinia pana, muda wa kufanya kazi unaongezeka sana. Na kabla ya msasa naosha kwanza kwa maji na sponji ngumu, kwa sababu epoksi nyingi zikikauka hutoa utelezi kama nta. Ukipiga msasa bila kuosha unausugulia ndani na tabaka linalofuata halishiki.

Matundu ya bolti za mashine niliyatoboa makubwa kuliko yanavyotakiwa, nikayajaza epoksi nzito, ilipokuwa ngumu nikatoboa upya kwa kipimo chake. Sasa bolti inapita ndani ya bomba la epoksi, na hata kama gundi ya nje ikiachia, maji hayakuti mbao. Kila skrubu kwenye boti yangu inafungwa hivyo siku hizi, hata ya kishikio cha kikombe. Kichwa cha sona nimekifunga kwenye kibao cha plastiki nene, na kibao chenyewe nimekigandisha kwa gundi ya poliurethani bila kutoboa chochote. Nikitaka kukihamisha tena, na najijua nitataka, natoboa kibao. Silikoni nimeitoa kabisa kwenye boksi la vifaa. Mahali ilipopakwa ilinibidi nisugue mara nyingi ndipo kitu kingine kikubali kushika.

Chini ya sakafu, povu jipya nimeliweka kwa mabamba, nikaacha mfereji juu ya mkuku, ule uti wa chini wa boti, kuanzia pua hadi kwenye nguruzi, kizibo cha tundu la kutolea maji. Maji yakiingia yana njia ya kutokea. Yule aliyeijenga boti alijaza povu hadi ukingoni, na sidhani alikuwa na nia mbaya, ila alifunga mlango wa kutokea.

Kilichobadilika zaidi ni jioni zangu. Zamani nikirudi nilikuwa nachota maji ya ndani ya boti kwa jagi na kuyaandika, naosha samaki na kujitupa kitandani, kisha mara moja kwa mwaka nafanya usafi wa kishindo. Siku hizi kila safari ina dakika 40 za mwisho. Kwanza, boti ikiwa juu ya trela, nafungua nguruzi, na maji yanayotoka nayapima kwa jagi na kuandika kwenye daftari. Kisha mashine inakunywa maji yasiyo na chumvi kwa dakika 10 hivi, na ule mkojo wake wa pembeni nauangalia kama daktari: ukiwa mwembamba au wa kukatika katika, ama tundu limeziba chumvi ama impela, kile kipande kinachosukuma maji ya kupoza mashine, imechoka. Haiwashwi kavu hata sekunde chache za kujaribu, kwa kuwa impela ya mpira hulainishwa na maji yale yale inayoyasukuma.

Panga boi nalichomoa mara kwa mara kuliko mtu asiyevua. Sisi wa mishipi tuna ugonjwa wetu: kipande cha nailoni kinachoponyoka mkononi hujizungusha kwenye shafti nyuma ya panga boi, na huko hukata sili ya oili bila kelele. Utajua siku ukimwaga oili ya gia ikatoka nyeupe kama maziwa, maana yake maji yameingia. Oili mpya naisukuma kutoka tundu la chini mpaka itokee la juu, ndipo hewa isibaki ndani. Vipande vya zinki, vile vinavyoliwa na kutu badala ya mashine, nikiviona vimeliwa nusu nabadilisha, na sivipaki rangi, maana zinki iliyopakwa rangi haimlindi mtu.

Vifaa vya kuvulia havichukui muda. Rili, zile za kukunjia mshipi, nazinyunyizia maji kama mvua ya manyunyu, si kwa mpira wenye nguvu, kwa sababu nguvu huisukuma chumvi ndani badala ya kuitoa. Breki nazilegeza ili sahani zake zisilale zimebanwa. Pete za fito napitisha pamba. Ikinasa nyuzi, pete ina ufa, na hiyo ndiyo iliyokata mshipi juzi wakati nalaumu fundo langu.

Trela nusura niisahau. Baada ya mwendo mrefu beringi za magurudumu huwa za moto, na ukizitumbukiza ghafla majini hewa ya ndani hujikunyata na kuvuta maji. Nazipa muda zipoe wakati nafunga mizigo.

Daftari langu lina ukurasa wa kabla na ukurasa wa baada. Kabla, jagi lilikuwa linatoa lita 12, 14, mara moja 17, na mimi nikaandika pembeni "mawimbi". Sasa ni kikombe, na hicho ni cha miguu yangu na samaki. Panga boi la inchi 13 limerudi mahali pake, mizunguko iko 5,300, mwendo kilomita 41 kwa saa. Ile kilomita moja iliyobaki nimeitafuta kila mahali. Mke wangu anasema nipande mimi kwenye mizani.