Rivolva ya singo aksheni ya kaliba kubwa kwa bajeti ndogo: anza na risasi, bastola ifuate

Wadau, kila mtu akianza kutamani rivolva ya kaliba kubwa, ile ya kizamani ya kuvuta nyundo kwa kidole gumba kila unapotaka kupiga, na hela ya kununua Colt yenyewe, ile ya kiwanda cha Marekani, haipo, swali linakuja lile lile: ninunue ipi ya bei nafuu? Na majibu nayo ni yale yale, mmoja anasema Ruger, mwingine Uberti, mwingine Pietta, basi imeisha. Mi naona hapo tumeanzia mwisho. Kabla hujataja jina la kiwanda amua kwanza utapiga risasi gani na utazipata vipi, manake bastola unanunua mara moja ila risasi utanunua miaka yote, na lingine ambalo ndo kubwa zaidi ni kwamba kwenye hizi kaliba jina la risasi peke yake halikwambii nguvu iliyomo ndani. Hapo ndo bastola zinapasuka na watu wanaumia.

Chukua .45 Colt, hiyo namba ni kipenyo cha risasi kwa inchi, takriban. Hii imetoka pamoja na Colt Single Action Army ya mwaka 1873, enzi za baruti nyeusi, ndo maana ganda lake ni refu na pana, baruti nyeusi inataka nafasi. Kiwango cha juu cha presha kinachokubalika kwa risasi za kawaida za .45 Colt ni psi 14,000 (pauni kwa inchi moja ya mraba), wakati .44 Magnum ni 36,000, yani zaidi ya mara mbili. Sasa kwa vile ganda lina nafasi kubwa hivyo, mtu anayejaza risasi mwenyewe, yani anachukua ganda lililokwisha kupigwa akaweka fataki, baruti na kichwa kipya, anaweza kutumia baruti za kisasa akaipandisha .45 Colt mpaka ikakaribia kazi ya .44 Magnum, na kwa nje risasi inabaki ile ile, itaingia kwenye chemba (tundu la kukaa risasi kwenye silinda, lile pipa linalozunguka) ya bastola yoyote ya .45 Colt bila kugoma hata kidogo. Ile iliyojengwa kubeba itabeba. Isiyojengwa hivyo, silinda inapasuka mkononi mwako. Elmer Keith, mwandishi na mpigaji maarufu wa Marekani, yalimkuta hayo miaka ya 1920 na Colt ya .45, akahamia .44 Special, risasi ya zamani yenye ganda fupi kuliko .44 Magnum, kwa sababu tundu ni dogo kidogo na kuta za silinda zinabaki nene zaidi, na majaribio yake na hiyo .44 Special ndo yaliyosukuma mpaka .44 Magnum ikazaliwa katikati ya miaka ya 1950.

Nimeanza na hilo makusudi kwa sababu ndo linaloamua mgawanyo wa bastola zenyewe. Za bei nafuu ziko makundi mawili, na watu wanazichanganya kwa vile zote zinafanana kwenye picha.

Kundi la kwanza ni kopi za Colt, nyingi zinatoka Italia, Uberti na Pietta, zote ziko upande wa Brescia ambako wanatengeneza silaha tangu karne na karne. Utazikuta zinauzwa kwa majina ya waagizaji kama Cimarron au Taylor's, lakini ukisoma maandishi kwenye mtutu au chini ya fremu mara nyingi unaona aliyetengeneza ni Uberti au Pietta, kwa hiyo usilipe zaidi ukidhani ni kiwanda kingine, unacholipia zaidi ni umaliziaji, mbao za mpini na huduma ya huyo muagizaji. Ni bastola nzuri sana hizi. Zinakaa mkononi vizuri, uzito umepangika, na zile klik nne za nyundo unazisikia kama Colt ya zamani kabisa. Bei yake mara nyingi haifiki hata nusu ya Colt mpya. Ila fremu na silinda ni za saizi ya Colt, na chakula chake ni risasi za kawaida tu.

Kundi la pili ni Ruger Blackhawk na ndugu zake. Bill Ruger, mwanzilishi wa kiwanda hicho cha Marekani, alileta Blackhawk mwaka 1955, ikaanza na .357 Magnum, .44 Magnum ikafuata mwaka 1956, Super Blackhawk ikaja 1959. Kwa nje inafanana na Colt ila ndani ni kitu kingine, springi bapa za kizamani zilizokuwa zinakatika wameweka za koili, na saiti (kilengeo) ya nyuma inarekebishika. Blackhawk ya fremu kubwa ya .45 Colt ina silinda nene, na vitabu vingi vya kujazia risasi vina ukurasa wa peke yake wa .45 Colt ambao ni kwa Ruger na bastola chache zenye nguvu kama hiyo.

Tahadhari hapa, na naomba uisome mara mbili. Siyo kila Ruger ya .45 Colt ni ya fremu kubwa! Vaquero iliyotoka 1993 ilikuwa kubwa, halafu mwaka 2005 wakaleta New Vaquero ambayo wameipunguza ikarudi saizi ya Colt, kwa hiyo zile risasi nzito, yani zilizojazwa nguvu kwa ajili ya Ruger ya fremu kubwa, haziruhusiwi humo. Kuna pia Blackhawk za Flattop (juu ya fremu ni bapa) za fremu ya kati, nzuri mno kubeba, nazo hazimo. Muuzaji akikwambia "hii ni Ruger inabeba chochote" usimwamini, tafuta ni modeli gani na ya mwaka gani.

Sasa .44 au .45? Kama hujazi risasi mwenyewe na huna mpango wa kuanza, mi nakwambia chukua .44 Magnum, Super Blackhawk. Sababu ni kwamba risasi za dukani za .44 Magnum zinakuja za nguvu kweli, kichwa cha greni 240, yani gramu 15 na nusu hivi, kinatoka kwa mita 400 na kitu kwa sekunde, na siku unataka kupiga kwa raha unaweka .44 Special kwenye silinda ile ile. Ukipiga sana .44 Special ganda lake ni fupi kwa hiyo mkaa unajikusanya mbele kidogo ya ganda linapoishia, usafishe hiyo pete vizuri kwa brashi, la sivyo siku ukirudi kwenye Magnum maganda yatagoma kuingia au yatang'ang'ania kutoka. Basi, hakuna kingine cha kuogopa.

Kama unajaza mwenyewe, .45 Colt ndo mapenzi yangu na sifichi. Risasi ya kawaida ya greni 255, madini ya risasi tupu ya kumimina, mita 260 au 270 kwa sekunde, haina mlio wa kupasua kichwa, haipigi teke la kuumiza, na bado inatoboa mnyama wa saizi ya swala upande hadi upande kwa umbali wa karibu ambao mtu wa kawaida anapaswa kupiga na bastola. Ganda limenyooka kwa hiyo ukitumia dai za kabaidi (vifaa vigumu vya kurudisha ganda kwenye umbo lake) hupaki hata mafuta, na kwa presha ya chini hivyo ganda moja unalijaza tena na tena mpaka unasahau ulilinunua lini. Unafuu wa kweli uko hapo. Zile nzito za kwenye ukurasa wa Ruger zipo kwa mwenye kazi nazo, lakini wengi tunaopiga sana hatuzihitaji, na bastola inayopiga za kawaida kila wiki inakufundisha kulenga kuliko ile inayotisha ikabaki kabatini. .41 Magnum ya mwaka 1964 ni risasi nzuri pia ila maganda yake ni ya kutafuta, kwa mtu wa bajeti siyo rafiki.

Mpini nao watu wanaupuuza. Ule mpini wa Colt umepinda kama wa jembe la kukokotwa na ng'ombe, ukipiga bastola inajiviringisha juu kwenye kiganja badala ya kukugonga moja kwa moja, kwa risasi za kawaida ni raha tupu. Ukipanda kwenye nzito inaviringika mno, na kwenye Super Blackhawk ya kizamani ile kinga ya triga yenye pembe ya mraba nyuma inagonga kifundo cha kidole cha kati, wengine inawachubua kabisa. Dawa yake ni mpini wa Bisley, mrefu zaidi na uliosimama, Ruger wanao kwenye modeli kadhaa. Na kumbuka Blackhawk nyingi nyeusi za kawaida zina fremu ya mpini ya aluminiamu, nyepesi kubeba kiunoni lakini wepesi huo huo unausikia ukipiga nzito, wakati Super Blackhawk ya inchi 7.5 ni chuma mpaka kwenye mpini, inafika karibu kilo 1.4.

Usalama. Kopi ya Colt ya mtindo wa zamani, pini ya kufyatulia iko kwenye nyundo yenyewe, nyundo ikilala pini inagusa fataki ya risasi iliyo nyuma ya mtutu, ikidondoka inaweza kulia. Kwa hiyo unabeba tano na nyundo inalala juu ya chemba tupu. Unavyofanya: vuta nyundo nusu, fungua kilango (mlango mdogo wa ubavuni wa kuingizia risasi), weka risasi moja, ruka chemba moja, weka nne, halafu vuta nyundo mpaka mwisho na uishushe taratibu kwa kidole, italala kwenye ile tupu. Hakikisha kwa jicho kabla ya kuweka kwenye ala. Ruger waliondoa tatizo hilo mwaka 1973 walipoleta New Model, kuna kipande kinachonyanyuka kati ya nyundo na pini pale tu unapovuta triga, kwa hiyo zote sita ni salama, na unafungua kilango tu silinda inazunguka bila kugusa nyundo. Kero yake ndogo ni kwamba ukisikia klik chemba imeshapita kilango kidogo na silinda hairudi nyuma, inabidi uzungushe raundi nzima, utazoea kusimama kabla ya klik. Ukipata Ruger ya kabla ya 1973, ile ya skrubu tatu ubavuni, ibebe na tano kama Colt mpaka ifanyiwe marekebisho, ambayo kiwanda wenyewe wanafanya bure na wanakurudishia vipuri vyako vya zamani, usivitupe kwa sababu wakusanyaji wanavitaka.

Mi kwa bajeti ndogo naenda kwenye iliyotumika bila wasiwasi, hizi bastola hazichoki haraka. Ila ikague, na uombe ruhusa kwanza, na uhakikishe tupu kwa macho yako chemba zote sita. Vuta nyundo mpaka mwisho, shika silinda kwa vidole viwili uitikise kushoto kulia, mchezo mdogo sana ni kawaida, ikicheza sana achana nayo. Isukume mbele nyuma pia. Angalia uwazi kati ya silinda na mtutu kwenye mwanga, unatakiwa kuwa mwembamba kama milimita 0.15 hivi. Tazama upande wa chini wa sehemu ya fremu inayopita juu ya uwazi huo, utaona mstari kama umechanjwa kwa kisu, huo ni moto wa gesi, ukiwa mwepesi siyo shida, ukiwa wa kina jua imelishwa nzito maisha yake yote. Nyundo ikiwa imevutwa, isukume mbele kwa dole gumba bila kugusa triga, ikianguka kuna mtu kachezea ndani kwa tupa, iache hapo hapo hata ikiwa bei ya bure.

Na kama ni Ruger ya .45 Colt nenda na kichwa cha risasi cha inchi 0.452. Kisukume kwa kidole kupitia mdomo wa mbele wa kila chemba. Kikipita kwa kusukuma kidogo, safi. Kikigoma, midomo ni finyu, tatizo linalojulikana sana kwenye hizo Ruger, na matokeo yake kichwa kinabanwa kabla ya kufika kwenye mtutu, mtutu unapakaa madini ya risasi na shabaha inatawanyika, halafu mtu analaumu baruti. Fundi wa silaha ananyoosha midomo hiyo kwa muda mfupi tu, siyo kazi ya gharama, na kwa mnunuzi ni sababu nzuri ya kuomba punguzo.

Saiti ndo kitu cha mwisho kinachonivuta kwa Blackhawk. Kopi za Colt saiti zake hazisogei, ikipiga chini unachonga ile ya mbele kwa tupa kidogo kidogo ndo risasi zinapanda, ikipiga kushoto au kulia inabidi mtutu wenyewe uzungushwe kidogo na fundi. Blackhawk unachukua bisibisi tu. Kwa mtu anayejaza mwenyewe na kubadilisha uzito wa vichwa hilo linaokoa muda mwingi na risasi nyingi.

Kwa hiyo ukiniuliza leo, na leseni yako iko sawa kwa sheria za unakoishi, nakwambia Blackhawk New Model ya fremu kubwa, .45 Colt, mtutu inchi 5.5, iliyotumika na rangi imechubuka kwenye ala lakini ndani nzima. Inchi 7.5 inalenga vizuri zaidi ila kiunoni inasumbua ukikaa. Hela iliyobaki nunua maganda, dai, kinga ya masikio nzuri na miwani. Na ukija kujaza zile nzito ziweke kwenye boksi la rangi tofauti, andika kwa maandishi makubwa RUGER FREMU KUBWA TU, hata kama nyumbani una bastola hiyo moja, kwa sababu siku moja utampa mtu risasi au utauza bastola na risasi zitabaki.