Siku moja maishani mwangu: karani wa samaki, Port Reitz

Saa kumi na mbili asubuhi. Mimi ni karani wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, huku Port Reitz, Mombasa. Kila chombo kinacholeta samaki bandani naandika: samaki gani, kilo ngapi, bei gani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Andika yote, mjukuu wangu."

Babu huyu alikuwapo 1988, tangi la mafuta lilipotoboka na tani zipatazo 5,000 zikaingia hori ya Makupa, mkono wa bahari hapa Mombasa. Alikuwapo pia 2005, meli ya mafuta ilipovuja humu humu Port Reitz. Anasema hata samaki mzima alikataliwa na wanunuzi kwa harufu.

Saa nne. Ni bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, na sasa yamekupwa; tumo matopeni na kina mama wa kikundi tukipanda mikoko. Mafuta yakimwagika, maji kujaa huyasukuma hadi ndani ya msitu. Yakipwa, mafuta hubaki yameganda kwenye mizizi. Mti hupumua kwa vitundu vidogo vya mizizi hiyo. Vikizibwa, majani hupukutika na mti hufa umesimama. Mwaka 1988 zilikufa takriban hekta 10. Mafuta yanayozama kwenye matope hukaa miaka, maana chini humo hewa ni haba na vijidudu vinavyoyala mafuta haviwezi kazi. Na kamba na kaa wachanga hukulia papa hapa! Kwa hiyo hasara ya mvuvi huendelea hata bahari ikishaonekana safi.

Saa saba, wali na mchuzi, kisha nyumbani kuoga tope.

Saa tisa. Nanakili hesabu kwenye daftari kubwa. Kenya imo katika mfuko wa kimataifa wa fidia kwa mafuta yanayomwagwa na meli za mafuta, na mvuvi anaweza kudai kipato alichopoteza. Ila ni lazima aonyeshe alikuwa akipata nini kabla. Ngalawa haina risiti. Meli za mafuta zinapita kwenda gati la Kipevu, nasi wengi wetu hatuna karatasi hata moja, jambo linaloninyima usingizi.

Saa kumi na moja jioni. Mama karanga mmoja, yaani mkaanga samaki, amekuja na daftari la mwanawe wa shule. "Mwanangu, wavuvi unawaandika. Mimi je? Wasipovua, mimi nakaanga nini?"

Ana haki. Nimemchorea safu nne: samaki, mafuta ya kupikia, kuni, mauzo. Ya leo tumeijaza pamoja.