Kashata hakumjua mama

Jumanne, 30 Septemba

Leo nimeamka kabla ya adhana, kama ilivyo kawaida yangu tangu Aprili, nikamkuta Kashata keshaamka, ananitazama kutoka kwenye gunia lake karibu na mlango. Nikamwambia, "Leo ni Jumanne. Mama angekuwa ameshaloweka maharage tangu jana." Mke wangu alipika makande kila Jumanne kwa miaka yote tuliyokaa hapa Majengo, Moshi, awe mgeni wetu nani. Kashata akapiga mkia sakafuni mara mbili. Huyo mama hamjui. Hakumwona hata siku moja.

Mke wangu alifariki katikati ya masika. Presha, kisha kiharusi, kisha siku nne. Tulimzika kihambani Kibosho, kwenye migomba aliyoipanda mama yangu, na matope yalikuwa yanawafika wabeba jeneza vifundoni. Tuliporudi mjini vijana walikuwa wanakusanya viti vya kukodi na kukunja turubai. Chini ya rundo la mwisho la viti ndipo alipokuwa: kijibwa wa rangi ya karanga za kukaanga, ana vidoa vyeusi, ameng'ang'ania mfupa mkubwa kuliko kichwa chake. Bila shaka alifuata harufu ya masufuria ya msiba. Kijana mmoja akamfukuza, akaenda mpaka getini, akarudi. Wiki ilipokwisha wageni wote walikuwa wameshaondoka, watoto wangu wamerudi Dar na Mwanza makazini kwao. Yeye alibaki. Mjukuu wangu alimpa jina kabla ya kupanda basi: "Babu, si unaona anafanana na kashata?"

Mwanzoni sikumtaka. Kwetu mbwa alikaa nje, akalinda ng'ombe, akala makombo, basi. Nilimtupia ukoko wa ugali ili asilie usiku. Kisha mvua ya Mei ikamleta barazani, na baridi ya Juni ikamwingiza ndani. Dada yangu alipopiga simu akasikia anabweka karibu, akaniuliza, "Kaka, mbwa yuko sebuleni?" Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza, kisha akaniombea.

Kuna jambo ambalo sikuweza kumwambia yeye wala mtu mwingine. Tangu tulipotoka Kibosho, hakuna aliyetaja tena jina la mke wangu mbele yangu. Amekuwa "marehemu". Watoto wakipiga simu wanauliza kama nimekula, kama nimelala, kama dawa zipo. Nikisema tu, "Mama yenu hapa angecheka," sauti ya upande wa pili inakatika, nasikia mtoto wangu anavuta pumzi, najuta kwa nini nimesema. Wenzangu wa jumuiya wanakuja, wanasali, wanasema kazi ya Mungu haina makosa, halafu tunahamia kwenye bei ya mbolea. Wananipenda, najua. Wanazunguka lile jina ili wasiniumize, na mimi nazunguka nalo ili nisiwaumize wao. Nimeishi na mwanamke mwenye jina lake kwa miaka 38.

Kashata hana cha kuumia. Jioni moja nilikuwa namkanya barazani asiguse kuku wa watu, maneno yakaendelea yenyewe. Nikamwambia mama alivyokuwa akipima mchele kwa kikombe cha bati kilichobonyea upande mmoja, na hakukubali kutumia kingine kwa sababu kile ndicho mkono wake ulichokizoea. Nikamwambia tulivyokutana chuo cha ualimu Marangu mwaka 1983, aliponinyima daftari lake la notisi kwa wiki mbili nzima. Nikalitaja jina lake. Nililitaja kwa sauti, mara nyingi, kama zamani nilipokuwa namwita kutoka chumbani nikiwa sijui miwani iko wapi. Kijibwa akaweka kidevu juu ya kiatu changu, akanitazama.

Nilifundisha baiolojia miaka 31. Oksitosini niliiandika ubaoni kila mwaka kwenye mada ya uzazi: homoni ya uchungu wa kujifungua, ya maziwa ya mama. Mwaka 2015 watafiti wa Japani, Miho Nagasawa na wenzake, walichapisha katika jarida la Science kwamba mbwa na mwenye mbwa wakitazamana kwa muda, homoni hiyo hupanda kwa wote wawili. Walijaribu na mbwamwitu waliolelewa na watu, wao haikuwatokea. Niliisoma habari hiyo zamani nikaona ni jambo la kufurahisha darasani. Sasa nakaa barazani jioni, macho yale ya kahawia hayabanduki usoni pangu, na nahisi kifua kinalegea.

Lakini nilimkosea. Baada ya matanga shemeji zangu waligawana nguo za dada yao, vitenge, kanga, masweta, kama inavyotakiwa. Kilichobaki ni ndala zake za kijani mlangoni pa jikoni, maana nani atagawa ndala? Kila siku nilizipita. Julai nikakuta moja imetafunwa, kamba imekatika. Nilishika fagio nikamtupia kwa nguvu zangu zote. Likampata mbavuni. Alilia kilio kimoja, akatoka getini.

Giza likaingia, hajarudi. Saa tatu usiku nikatoka na tochi, baridi ya Julai mnaijua, nikawa naita uchochoro kwa uchochoro. Nilipofika mtaroni sauti ikaniishia, nikalia. Kibosho mbele ya ukoo mzima sikuwa nimetoa chozi.

Jirani yangu, mzee wa Pangani, fundi cherehani, akatoka na kikoi chake. "Mwalimu, umepotelewa na nini?" Nikasema, "Mbwa." Niliona aibu kulitamka, saa ile, kwa mtu ambaye dini yake inamtaka aoshe mara saba kilicholambwa na mbwa. Akarudi ndani, akaja na tochi kubwa kuliko yangu. "Mimi simgusi, Mwalimu. Lakini nitakumulikia."

Tulimkuta ndani ya karavati, anatetemeka. Alinijia akitambaa kwa tumbo, mkia katikati ya miguu, akaulamba mkono ule ule uliomtupia fagio.

Ijumaa yake mzee alipita kunijulia hali. Kashata alikuwa amelala mlangoni, miguu ya mbele ameinyoosha. Mzee akasimama akamwangalia. Akaniambia kila Ijumaa anasoma Suratul Kahfi, habari za vijana waliolala pangoni miaka mingi, na mbwa wao amenyoosha miguu yake kizingitini. "Hivi hivi," akasema. Kisha akaniuliza, "Marehemu alipenda wanyama?" Nikamjibu, nikamtajia kwa jina, na hakuhamisha mazungumzo. Tulikaa mpaka magharibi.

Ile ndala nimeishona kwa waya, nimeirudisha mahali pake. Kashata haigusi.

Juzi Jumapili ilikuwa tarehe 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani, tarehe aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895. Baada ya misa nilimpeleka kwenye chanjo. Foleni ilikuwa ya watoto watupu, kila mmoja na mbwa wake kwenye kamba ya katani, na mimi mzee mmoja nimembeba wangu mkononi kwa kuwa hajafika hata kimo cha goti. Hakulia sindano ilipoingia. Bwana mifugo akafungua kadi, akauliza jina la mbwa, akaandika. Akauliza jina la mwenye mbwa.

Nikataja la mke wangu, la ubatizo na la ukoo. Lilitoka lenyewe. Akaniuliza herufi moja, nikamtajia, akaandika, akagonga muhuri.

Kadi nimeiweka kwenye droo, pamoja na kadi za kliniki za watoto.