Nilivyofanikiwa kusoma pete za betula ya tundra baada ya kukwama miezi mitatu

Naandika hii kwa yeyote anayeshika kazi ya vichaka vya maeneo ya baridi kwa mara ya kwanza, maana mimi nilipoanza sikupata mtu wa kunielezea kwa Kiswahili nikaelewa, nikakaa miezi mitatu kwenye kitu ambacho sasa hivi nakimaliza kwa wiki moja.

Kazi yenyewe ilikua hivi. Nilipewa boksi la mashina ya betula kibete (Betula nana), kile kichaka kifupi cha tundra, yaani nyika ya baridi isiyo na miti huko kaskazini mwa dunia, yamekatwa kaskazini mwa Alaska. Mengine yametoka kwenye ardhi ya kawaida ambayo hakuna aliyeigusa, mengine kwenye ploti zilizowekewa mbolea kila mwaka, mengine yalikua ndani ya vibanda vya plastiki vinavyoongeza joto. Natakiwa nikate, nihesabu pete (zile duara ndani ya shina, kila mwaka mmea unaongeza moja), nipime upana wa kila pete, alafu nijibu swali moja tu: kichaka kinanenepa kwa sababu ya joto au kwa sababu ya chakula kilichopo kwenye udongo? Mi nikajua jibu tayari, joto. Aktiki, eneo la ncha ya kaskazini, tangu 1979 imepata joto karibu mara nne ya kasi ya dunia nzima, picha za angani za Alaska za mwishoni mwa miaka ya 1940 zikiwekwa pembeni ya zile za 1999 na 2000 unaona kwa macho vichaka vimeongezeka, sasa kuna nini tena cha kutafuta?

Kwanza kukata, maana hapa wengi ndo wanaharibu. Usikate na msumeno ukasugua na msasa kama wanavyofanya kwenye miti mikubwa, hutoona kitu, pete ya betula hii unaweza kuikuta haifiki hata sehemu ya kumi ya milimita, yaani safu chache za seli basi mwaka umeisha. Mi nalowesha shina kwenye maji yenye alkoholi na gliserini hadi lilainike, nalibana kwenye mikrotomu, mashine ya wembe ya kukatia vipande vyembamba sana, nakata kipande cha maikroni 15 hadi 20 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) ambacho mwanga unapita, alafu naweka rangi mbili, safranini inayofanya sehemu ngumu za mti kua nyekundu na astra bluu inayoshika zile laini. Ukiweka kwenye hadubini unaona mipaka ya miaka vizuri kabisa, na siku ya kwanza nilipoona nilikaa naangalia tu nikasahau kupima. Wembe ukianza kua butu kipande kinachanika, kwaiyo badilisha mapema. Na lebo andika kwa penseli, wino wa peni unatoka wote kwenye alkoholi, nilipoteza sampo sita kwa sababu hiyo.

Sasa nilipokwama. Data zangu zilitoka hazina kichwa wala miguu, mashina mawili ya ploti moja, yameota hatua tatu kutoka kwa lenzake, moja linasema mwaka fulani ulikua mzuri lingine linasema mwaka huohuo ulikua mbaya. Nikapima upya, nikabadilisha programu, nikarudia hesabu za joto la Julai, hamna. Mpaka siku moja mwenzangu wa maabara ambaye ameshafanya kazi hii miaka mingi akaniuliza, "Dada, kila shina umekata sehemu ngapi?" Nikamwambia moja, pale chini kwenye shingo ya mzizi. Akatikisa kichwa, "Hapo ndo unapopotea, rudi kakate nne."

Alikua sahihi. Kichaka sio mti. Mwaka ukiwa mbaya betula inaweza kukua huko juu kwenye matawi alafu chini kwenye shina isiweke pete kabisa, au iweke upande mmoja wa shina tu, kwaiyo ukihesabu sehemu moja unaruka mwaka bila kujua na kila kitu kilichotangulia kinasogea, pete ya mwaka huu unaisoma kama ya mwaka mwingine. Dawa yake ni kukata vipande kadhaa kwenye shina hilohilo kuanzia chini kwenda juu, unavilinganisha, alafu unalinganisha shina na shina kwa kutafuta ile miaka ambayo wote walipata pete nyembamba. Kuna shina moja nilikua nimelikosea miaka mitano. Nilirudia boksi zima, na sijutii hata dakika moja.

Baada ya hapo ndo picha ikaanza kueleweka, na haikua ile niliyoitegemea. Mashina ya ardhi ya kawaida yalifuata joto la Juni na Julai, ndio, ila kwa ulegevu. Ya kwenye plastiki, ambayo nilitegemea yawe manene kupita yote, miaka ya mwanzo hayakutofautiana sana na ya kawaida. Ila ya kwenye mbolea! Pete pana, tena hata kwenye miaka ambayo majira ya joto yalikua ya ubaridi, yaani kama kichaka kingine kabisa.

Nikarudi kusoma kwa makini majaribio ya Toolik Lake, hukohuko kaskazini mwa Alaska, ambako kuna ploti za tangu 1981 na nyingine za 1989 zinazowekewa gramu 10 za nitrojeni na gramu 5 za fosforasi kwa kila mita ya mraba kila mwaka. Kule mbolea iligeuza tundra ya vishungi vya nyasi ikawa kichaka cha betula, nyasi zikafunikwa na kivuli zikapungua, wakati kuongeza joto peke yake kulileta mabadiliko ya polepole zaidi. Na betula ina kitu ambacho jirani zake wengi hawana, ina machipukizi mengi mafupi ambayo kwenye umaskini yanatoa majani machache tu kila mwaka, chakula kikipatikana yanageuka matawi marefu. Ni mmea unaosubiri nafasi.

Cha ajabu ni kwamba udongo wa tundra sio kwamba hauna nitrojeni. Ipo tele, imejaa kwenye mboji, mabaki ya mimea ya miaka na miaka ambayo hayajaoza kwa sababu ya baridi na maji yaliyotuama juu ya ardhi iliyoganda mwaka mzima. Ghala limejaa, mlango umefungwa. Wenye ufunguo ni bakteria na kuvu wa udongoni, na hao wakiwa kwenye baridi wanafanya kazi taratibu mno, tena kidogo wanachofungua wanakihitaji wao wenyewe. Kwaiyo joto linakinenepesha kichaka kwa njia mbili, ya haraka ni kwenye majani, ya pili ni ya kuzunguka, lipashe udongo kwanza, vijidudu viamke, mboji ioze, nitrojeni itoke, mzizi uipate. Plastiki inapasha hewa kuliko inavyopasha udongo, ndo maana mashina yangu ya plastiki yalikua yanachelewa. Kwa hiyo lile swali la joto au chakula nililopewa lilikua limekaa vibaya, kwenye tundra joto linafanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa kupitia chakula.

Alafu kuna majira ya baridi ambayo nilikua nimeyasahau kabisa kwenye hesabu zangu, na hii ndo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Kichaka kikirefuka kinanasa theluji inayopeperushwa na upepo, theluji nene ni blanketi, udongo chini yake haupoi sana kama ule wa sehemu ya wazi, na kwenye udongo wa nyuzi chache chini ya sifuri bado kuna utando mwembamba wa maji ambao haujaganda, vijidudu vinaendelea kufanya kazi humo. Nitrojeni inatolewa hata wakati huo, kichaka kinanenepa, mwaka unaofuata kinanasa theluji zaidi. Kwaiyo usilinganishe pete na joto la majira ya joto ya mwaka huohuo peke yake, weka na mwaka uliotangulia, weka na kina cha theluji kama unazo data zake.

Ukifanya hii kazi sehemu nyingine usitegemee upate majibu kama yangu. Kuna uchambuzi wa 2015 uliokusanya pete za vichaka zaidi ya 1,800 vya spishi 25 kutoka sehemu 37, ukaonesha kwamba vinavyoitikia joto zaidi ni vile virefu na vya kwenye udongo wenye unyevu. Alda, kichaka kingine cha kaskazini, nayo ina bakteria kwenye mizizi wanaoikamatia nitrojeni ya hewani, kwaiyo njaa yake sio ya betula. Karibu na Kangerlussuaq, Greenland, walipoweka joto la ziada betula iliongezeka vizuri pale tu palipowekwa uzio, nje ya uzio kulungu wa Aktiki (caribou) na ng'ombe wa maski, wanyama wa huko wanaokula majani, walikua wanaila.

Kinachoninyima raha ni kaboni. Nilikua nafarijika kwamba kichaka kikinenepa kinavuta hewa ukaa zaidi. Lakini kwenye zile ploti za Toolik Lake, baada ya miaka 20 ya mbolea, ukuaji wa juu ya ardhi uliongezeka karibu mara mbili na bado mfumo mzima ulikua umepoteza karibu gramu 2,000 za kaboni kwa kila mita ya mraba, kwa sababu ile mboji ya chini ilioza kuliko mmea ulivyoweza kurudisha. Mimi napima pete, na pete haikuambii chochote kuhusu kilichotoka udongoni chini yake. Ndo maana boksi la pili, la mierebi, vichaka vingine vya huko, nimeomba lije na udongo wake, kipande cha sentimita 30 kwa kila shina, na wiki hii naanza kuloweka.