Mkono mzito kwenye mwili unaouma

Leo mawazo yangu yako kwa mgonjwa wa fibromayaljia, ugonjwa wa maumivu ya muda mrefu ya mwili mzima, anayelala kwenye kitanda cha masaji na kuambiwa avumilie, eti sumu inatoka. Hakuna sumu inayotoka. Misuli iliyobonyezwa kupita kiasi huumia, basi.

Katika ugonjwa huu neva na ubongo huzikuza hisia, hata mguso wa kawaida ukawa maumivu. Vigezo vya kuutambua vya mwaka 1990 vya madaktari wa baridi yabisi wa Marekani vilitaja sehemu 18 za kubonyeza kwa nguvu ya kama kilo 4. Hiyo ni nguvu ya kidole gumba kinachobonyeza mpaka ukucha upauke. Kiwiko cha mchuaji aliyeegemeza uzito wake huipita kwa mbali.

Ida Rolf, mwanabiokemia wa Marekani aliyefariki mwaka 1979, aliipanga kazi yake ya kuuchua mwili kwa kina katika vikao kumi vya kunyoosha utando unaofunika misuli. Mpangilio wake nauheshimu, lakini mwili wenye fibromayaljia hauwezi kuburuzwa kwa ratiba ya mtu mwenye afya.

Tazama mgongo wa juu, kati ya bega na shingo. Mchuaji akiingia haraka, mgonjwa hubana meno, pumzi hukatika, vidole vya miguu hujikunja. Misuli inajilinda. Mchuaji anausikia ugumu ule, anadhani ni fundo, anaongeza nguvu, na fundo linazidi. Afadhali aweke kiganja bapa, azame taratibu hadi pale nyama inapoanza kukataa, asimame hapo dakika moja au mbili bila kusugua. Ikilegea, anafuata. Isipolegea, anahamia kwingine. Kwenye kipimo cha 0 hadi 10, maumivu yasipite 4, na neno la mgonjwa liheshimiwe mara moja.

Kikao cha kwanza kiwe cha dakika 20 au 30, mgongo na shingo tu. Kisha subiri siku mbili kabla ya kuhukumu, maana raha ya kitandani hudanganya na kipigo huja kesho yake. Andika usingizi, maumivu na uchovu kila asubuhi. Wiki hiyo usibadilishe dawa wala mazoezi, la sivyo hutajua kilichosaidia ni kipi.

Mwenye mguu mmoja uliovimba ghafla na kuuma asiguswe kabla ya kumwona daktari, kwani bonge la damu linaweza kung'oka likaenda mapafuni. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye mifupa dhaifu, amwambie mchuaji kabla hajavua shati.

Vikao vinne vikipita na usingizi uko vilevile, ningeacha. Kutembea taratibu, ukiongeza dakika chache kila wiki, kuna ushahidi mzito zaidi kwa ugonjwa huu kuliko masaji ya aina yoyote, na hakuna malipo.