Mashati meupe ya misheni
Kwa wanaojiandaa kwenda misheni (utumishi wa kuhubiri) ya Kanisa la Watakatifu wa Siku za Mwisho, yaani Wamormoni: kuamka kwa kawaida ni saa 12:30 asubuhi, taa kuzimwa saa 4:30 usiku. Wavulana hutumikia miaka 2, wasichana miezi 18. Hutoki bila mwenza wako, yaani mmisionari uliyepangwa naye, na baada ya wiki 6 hivi huenda ukapewa mwingine, uanze kuzoea mkoromo mpya. Siku ya maandalizi, mara moja kwa wiki, ndiyo ya kufua, kwenda sokoni na kupiga simu nyumbani. Kabla ya Februari 2019 simu ilikuwa mara 2 tu kwa mwaka!

Kwa kuwa siku ya kufua ni moja tu kwa wiki, shati jeupe huharibikia kwenye kola. Isugue kwa sabuni ya kipande jioni ileile, kisha loweka. Jasho likikaa wiki nzima, umanjano hautoki kirahisi.