Nyuzi 29 Juu ya Ukara

Ramani ilipofunguka kwenye kompyuta, Ziwa Victoria lilikuwa jekundu tupu. Kipimo cha pembeni kilisoma nyuzi 29. Ilikuwa Aprili, masika yamekolea, nami nipo mezani kwangu Nyegezi, Mwanza, nikiandaa modeli ya tabianchi ya kanda, yaani programu ya kukokotoa hali ya hewa ya eneo, kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Aliyewahi kuoga ziwani alfajiri anajua kwamba maji yetu hayafiki huko. Nyuzi 29 ni joto la Bahari ya Hindi mwezi Aprili, na kweli ndiko namba ile ilikotoka.

Data za kimataifa nilizoanza nazo zilikuwa na joto la uso wa bahari lakini si la maziwa. Programu ikikuta maji yasiyo na namba, hutafuta maji ya karibu yenye namba na kuyanakili. Kwa Musoma au Mwanza, maji hayo ni ya pwani, kilomita 700 hivi mashariki, ilhali ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Tabia hiyo inajulikana, imeandikwa kwenye mwongozo, na dawa yake ipo. Ila usipochungulia, hesabu inaendelea mpaka mwisho na kukutolea ramani nzuri za kupendeza.

Kwa ziwa la kilomita za mraba 68,800 hilo si jambo dogo, maana linajitengenezea mvua zake. Mchana nchi kavu hupata joto upesi, upepo unavuma kutoka majini kwenda bara, mawingu yanajijenga juu ya vilima. Usiku nchi imepoa na ziwa bado lina joto. Upepo unaingia ziwani kutoka kila upande, unakutana na kupanda juu. Hapo ndipo radi zinapoanza. Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayoliangukia ziwa lenyewe. Mtafiti wa tabianchi Wim Thiery na wenzake walionyesha mwaka 2015 kwamba bila Maziwa Makuu, mvua inayonyesha juu yake ingepungua kwa karibu nusu. Sasa lipe ziwa nyuzi tatu nne lisizokuwa nazo: mvuke unazidi, na modeli inamwaga mvua za usiku ambazo hazikunyesha. Ukilifanya nchi kavu, kama modeli za zamani zilivyofanya, unapotea zaidi, kwa sababu dhoruba za usiku zinafifia kabisa kwenye ramani, na hizo ndizo zinazoua wavuvi.

Msimamizi wangu alisema, "Kabla hujabadilisha namba, nenda kapime."

Nikaenda Kayenze. Mwenye mtumbwi alikuwa mzee wa kisiwa cha Ukara aliyehamia huku zamani, mvuvi wa dagaa. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, akaitazama themomita yangu iliyofungwa kwenye kamba. "Mwanangu, usiku huu ni giza, tunatoka. Ukae katikati na usisimame."

Giza kwa wavuvi wa dagaa ni zile siku zisizo na mwezi, taa zinapovuta samaki vizuri. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za sola zinazoelea juu ya maboya. Kila walipotupa wavu nami niliteremsha kamba. Saa saba usiku, uso wa maji ulikuwa nyuzi 25 na nukta nne. Nilisogeza themomita karibu na taa nikasoma tena, wadudu wakinijaa machoni, maji yakinichirizika hadi kwenye kiwiko. Mita kumi chini hali ilikuwa karibu ile ile. Nilifurahi mno. Niliitangaza namba ile kwa sauti mtumbwini, na kijana aliyekuwa akivuta wavu akanijibu, "Sawa, mwalimu."

Haikupita saa mbili mzee akaamuru turudi. Dagaa walikuwa bado wanakuja. "Jioni mawingu yalisimama upande wa Mara," alisema. "Yakisimama kule jioni, usiku tunayakuta ziwani." Habari hiyo nilikuwa nimeisoma kwenye makala ya Thiery ya mwaka 2016, iliyotumia picha za setilaiti kuonyesha kwamba dhoruba za alasiri nchi kavu ni dalili ya dhoruba za ziwani usiku unaofuata. Kuisikia mtumbwini, kutoka kwa mtu ambaye uhai wake umeifuata miaka yote, ilinigusa kuliko makala yoyote. Saa kumi na moja alfajiri, sisi tukiwa tayari chini ya bati pale mwaloni, mvua ilipiga hata hatukuweza kusikilizana.

Kulipokucha nilishusha sahani nyeupe kwenye ghuba kupima mwanga unafika wapi. Ilipotea machoni mita moja na ushei tu, maji yakiwa ya kijani. Moduli ya ziwa, yaani sehemu ya modeli inayokokotoa joto la maji, inahitaji mambo mawili haya, kina na uwazi wa maji. Maji yaliyochafuka hushika jua pale juu, uso ukapata moto upesi mchana; maji maangavu hulipeleka joto chini. Kuhusu kina, moduli niliyokuwa nayo, isipoambiwa, huchukua mita 50 kila mahali. Pale ghubani, jiwe lililofungwa kwenye kamba liligusa tope kwenye mita nane.

Nikamfungulia mzee kompyuta. Aliikagua ramani kwa muda, kidole hakigusi kioo.

"Ukara iko wapi?"

"Haipo, mzee."

Nikamweleza kwamba modeli hukata nchi katika visanduku, na katika ramani hii kila kisanduku kina kilomita 50 kwa 50. Ziwa zima ni visanduku 27 au 28. Ukerewe yenyewe, yenye kilomita za mraba 530 hivi, imemezwa, sembuse Ukara.

"Sasa mtu wa Ukara akiuliza mvua yake, mnamjibu nini?"

Nilimwambia tunaweza kupunguza visanduku, lakini ukikata upande nusu, kazi ya kompyuta inakuwa kama mara nane, kwa kuwa visanduku vinaongezeka mara nne na hatua za muda mara mbili. Akasema basi tuipunguze polepole.

Niliporudi nilichomeka ndani ya ile ramani kubwa eneo la visanduku vya kilomita tatu, nikaweka kina halisi na uwazi wa maji nilioupima, nikaiachia moduli ikokotoe joto lenyewe. Ukara ikapata visanduku kama vinane. Mvua ya usiku ilipungua, ikawa inakolea kati ya saa tisa usiku na saa tatu asubuhi, karibu na inavyoonekana kwa setilaiti. Magharibi bado ilikuwa na kasoro. Moduli ile hukokotoa kila kisanduku peke yake, toka juu hadi chini, bila mikondo ya kusukuma maji ya moto kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na mtaalamu wa tabianchi Fredrick Semazzi na wenzake walishaonyesha mwaka 2004 kwamba ziwa hili linahitaji modeli ya mikondo iliyounganishwa na ile ya hewa. Tasnifu ilipopita, hiyo ndiyo kazi niliyoiomba.